Ndevu za Bibi Si Uchawi

Wajukuu zangu mnaosoma hapa chuoni Chimwaga, Dodoma, mmetoka Shinyanga, Kagera, Mtwara na Kondoa, na kila mmoja wenu ana mama au bibi nyumbani. Nataka tuzungumze jambo ambalo wao wanaona haya kulisema, nanyi mnaona haya kuliuliza.

Mwanamke akikoma hedhi, wengi wakiwa na umri wa miaka 50 hivi, ovari zake haziachi kazi yote. Homoni za kike hushuka sana, lakini ovari huendelea kutoa kiasi kidogo cha homoni za kiume, ambazo kila mwanamke anazo tangu ujana wake. Kwa hiyo nywele mbili tatu kidevuni mwa bibi ni uzee tu, zisiwatie hofu.

Hofu ianze zinapozidi: ndevu kujaa, sauti kuwa nzito, upara kuingia utosini, kinembe kukua. Hapo ulizeni kwanza: hali hii ilianza lini? Ikiwa imekuja taratibu kwa miaka, pengine pamoja na unene, kisukari na presha, daktari atafikiria haipathekosisi, yaani seli za ndani ya ovari zote mbili zimezidi kutoa homoni za kiume. Ikiwa imekuja kwa kasi, ndani ya miezi michache, atautafuta uvimbe unaotoa homoni hizo, kwenye ovari au kwenye tezi zilizo juu ya figo. Mama huyo asingoje mavuno wala likizo yenu.

Lipo na jingine linalofichwa zaidi. Mafuta ya mwili hugeuza sehemu ya homoni za kiume kuwa za kike, nazo hunenepesha ukuta wa ndani wa mji wa mimba, na baadaye saratani inaweza kuota humo. Mama aliyekaa mwaka mzima bila hedhi akiona damu, hata tone, aende hospitali. Asiambiwe ujana umemrudia.

Nasema haya kwa uchungu, kwa kuwa nchi yetu ina historia mbaya. Huko Shinyanga na Mwanza vikongwe wamekatwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni na wa samadi kavu. Maradhi yaligeuzwa ushahidi wa uchawi. Bibi mwenye ndevu na sauti ya kiume, anayeishi peke yake, anaweza kunyooshewa kidole kwa wepesi uleule. Naye akilijua hilo hujifunga khanga mpaka kidevuni na kunyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mara nyingi ni sisi tuliomfundisha kuficha.

Basi zungumzeni naye faraghani, kwa heshima, na ikiwezekana aanze mjukuu wa kike au binti yake. Mpelekeni kituo cha afya, ulizeni dirisha la wazee, ombeni rufaa. Walio Dodoma wana Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa jirani na chuo chenu. Bebeni dawa zote anazotumia, za dukani na za mitishamba, maana zipo dawa zinazoweza kuleta hali hii. Atapimwa testosteroni katika damu na kupigwa picha ya ultrasaundi. Picha ikionekana safi, msifunge safari hapo, kwa kuwa uvimbe wa aina hii mara nyingi ni mdogo na hujificha. Damu ikionyesha homoni ziko juu, ulizeni hatua inayofuata.

Tiba ipo. Chanzo kikiwa ovari, mara nyingi ni upasuaji wa kuondoa ovari zote mbili, ambazo katika umri huo hazina tena kazi ya uzazi. Asiyeweza kuhimili kisu zipo dawa za kuzituliza. Homoni zikishuka, nywele hupungua polepole, lakini sauti iliyokwisha kuwa nzito huenda isirudi. Ndiyo maana nasisitiza mapema.

Nanyi mliosoma mna deni moja zaidi. Siku majirani watakapoanza kunong'ona juu ya kikongwe wa kijijini kwenu, msiinamishe vichwa. Simameni mseme mbele yao wote: huyu mama ni mgonjwa, ugonjwa wake unajulikana, na kesho tunampeleka hospitali.