Neno la Maji Kinywani mwa Msafiri

Ajifunzaye lugha kwa ajili ya safari huanza na maneno ya haja: njia, chakula, malazi, bei, maji. Hakosei, maana kiu haimngojei mtu amalize sarufi. Lakini, je, ajuaye jina la kitu amekwisha kujua aombalo?

Edward Steere alitoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja mwaka 1870, na ndani yake akaweka semi za kumfaa mgeni. Mwaka 1876, akiwa askofu, aliongoza msafara wa watu waliokombolewa utumwani kutoka Lindi hadi Masasi. Mwaka 1882 Wangoni waliishambulia Masasi, na kazi ya misheni ikahamia Newala. Huko, juu ya uwanda wa Makonde, “maji” lilikuwa neno lile lile, ila uzito wake haukuwa ule ule. Mchanga hunywa mvua upesi, na chemchemi zilikuwa chini mabondeni. Mwanamke aliteremka na mtungi mtupu, akapanda na mtungi uliojaa. Kata moja aliyopewa mgeni ilikuwa sehemu ya asubuhi ya mtu.

Mgeni mmoja husema “nipe maji”, mwingine, “naomba maji.” Kwa sarufi wote wamesema sawa. Kwa sikio la Mswahili wa kwanza ameamuru, wa pili ameacha nafasi ya kukataliwa. Hata hivyo adabu ya ulimi haitoshi: aombaye kwa upole kisha akaoshea miguu maji yale amekosa kuliko yule mkali aliyekunywa funda moja akashukuru.

Wala mgeni asingoje kuambiwa. Mwenyeji wa Newala hatamnyima, wala hatamtajia umbali wa bonde; ukarimu umemfunga kinywa. Basi mzigo wa kujua humwangukia mwombaji, ambaye ndiye mwenye maneno machache kuliko wote. Yaonekana si haki, lakini ndivyo ilivyo, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuja.

Miaka ya 1950 mradi wa maji wa Makonde ulianza kuyapandisha maji kwa mashine, na neno likapungua uzito kila mahali bomba lilipofika. Msafiri wa leo aweza kununua chupa dukani, akalipa, akaondoka. Siku bomba likikauka, ndoo hupangwa mlangoni, na mwenye macho huzihesabu kabla hajafungua kinywa.