Samaki Asiyeliwa

Maji ya bahari yakiachwa wazi hupungua, lakini chumvi yake haiendi popote. Anayefuga samaki wa maji chumvi hulazimika kulielewa jambo hili kabla ya mengine yote, na wengi huanza kwa kulielewa kinyume. Wanaona maji yameshuka kwenye kioo, wanakoroga maji mengine ya chumvi na kujazia. Kumbe kilichoondoka ni maji matupu, na kinachotakiwa ni maji baridi yasiyo na chumvi hata chembe. Tangi la lita 38, kipimo ambacho mabweni mengi ya vyuo vya Marekani hayaruhusu kukizidi, likipoteza lita 4 tu bila kujaziwa, chumvi yake hupanda kutoka gramu 35 kwa lita hadi 39, karibu kama Bahari ya Shamu. Samaki huenda akavumilia. Matumbawe huanza kujikunja.

Nasoma Minneapolis, mji ulio zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari yoyote. Msimu wa baridi bweni hupashwa joto usiku na mchana, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, na tangi lililo kando ya meza yangu linapungua kikombe baada ya kikombe. Asubuhi najazia kabla sijapiga mswaki. Ndani mna wale samaki wawili wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, ambao watoto wamewazoea kwa jina la Nemo tangu filamu ya 2003. Wamo pia konokono, kaa mdogo anayehamia kombe kubwa zaidi kila anapokua, na mawe yaliyoota matumbawe laini. Nikivuta kiti, samaki wote wawili huja kwenye kona ya kioo, jike akitangulia. Jike ndiye mkubwa. Samaki wa aina hii huanza maisha wakiwa madume, na anayewatawala wenzake ndiye hugeuka jike.

Nilipomwonyesha mama kwenye simu aliwatazama kitambo, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, samaki asiyeliwa ni wa nini?"

Mama ni mtu wa Mombasa. Kwetu samaki ni kitoweo: changu wa kupaka, ngisi wa nazi, papa mkavu. Hakuwa anatania, na mimi sikuona cha kuchekesha. Swali lake nimelibeba hadi leo, kwa sababu naona ni zito kuliko mengi ninayoulizwa darasani. Kitu kisichokulisha, kisichokuingizia pesa wala kukupa cheti, kina haki gani ya kukaa maishani mwako na kukudai kila siku?

Ningeweza kumtajia faida. Tangi linatuliza akili, linafundisha kemia. Ni kweli, lakini mtu hajibu swali la maana kwa kuorodhesha faida, kama ambavyo hamwambii mama kwamba anampenda kwa sababu anapika vizuri. Jibu langu liko kwingine, na limenichukua muda kulifikia.

Maisha ya mwanafunzi aliye mbali na kwao yamejengwa juu ya neno "nikimaliza". Nikimaliza nitafanya kazi. Nikimaliza nitamjengea mama. Nikimaliza nitaoa, nitarudi, nitaishi. Jamaa nao wanasisitiza: soma kwanza, mengine baadaye. Ni ushauri wa mapenzi, siupuuzi. Lakini una sumu yake ya polepole, kwa sababu miaka minne ya ujana inageuka kuwa chumba cha kungojea. Unakula ili usome, unalala ili usome, na siku yenyewe, hii ya leo, haina thamani ila kwa kuwa inakusogeza kwenye nyingine. Nimewaona wenzangu wenye alama nzuri kabisa wakikaa hivyo mpaka macho yanakuwa makavu.

Tangi halijui "nikimaliza". Samaki anatoa amonia kila anapopumua, na amonia ni sumu kwake mwenyewe. Kinachomwokoa ni bakteria wasioonekana, walioenea juu ya mawe na mchanga: wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine hugeuza nitriti kuwa nitreti, ambayo samaki anaiweza. Bakteria hawa huchukua wiki kadhaa kujijenga, mara nyingi 4 hadi 6, na muda wote huo mwenye tangi anakaa na kioo chenye mawe na maji, bila samaki hata mmoja. Anachofanya ni kupima. Unachota maji kwenye kichupa, unadondosha matone ya dawa, unasubiri dakika 5. Njano ni salama, kijani ni hatari. Nimekaa na kichupa hicho dirishani, theluji inaanguka nje, nikilinganisha rangi na karatasi kwa umakini ambao sijawahi kuyapa maandishi yoyote. Rangi ile haikuwa inanitayarisha kwa lolote. Ilikuwa inaniuliza habari ya leo.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kitu kuhusu bahari ya kwetu. Nimekua nikisikia mawimbi yake, nimejua bamvua na maji mafu kabla ya kujua kusoma saa, na katika miaka yote hiyo bahari haikuwahi kunitaka kitu. Ilitoa tu. Nilikuwa mgeni wake wa kudumu, nikila na kuondoka. Huku ugenini, maji machache yamenigeuza kutoka mtu anayepewa kuwa mtu anayetegemewa, na sidhani kuna badiliko kubwa zaidi ya hilo linaloweza kumpata kijana. Hisia ya kwamba maisha yako yana maana haiji kwa kuitafuta. Inakuja siku unapogundua kwamba ukichelewa kurudi, kuna kiumbe atakayepata shida.

Tena hata ile dhana kwamba bahari ya nyumbani haihitaji mtu haikuwa kweli. Mwaka 1998 joto la maji lilipanda katika Bahari ya Hindi, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya na Tanzania ikawa nyeupe na kufa. Matumbawe hayahitaji maji yachemke. Nyuzi moja au mbili juu ya joto la kawaida la kiangazi, zikidumu wiki kadhaa, zinatosha. Nimeisoma habari hiyo vitabuni, lakini niliielewa nilipokuwa naangalia kipimajoto cha tangi kikipita 28, nikakimbilia kuchomoa hita. Nani atakayekimbilia kuchomoa hita ya bahari nzima? Swali hilo haliniachi.

Lipo jambo linalonisumbua na sitaki kulipita. Madukani huku huuzwa samaki wa mapambo waliovuliwa na wazamiaji wa pwani ya Kenya, wakafungwa mmoja mmoja kwenye mifuko ya maji na kupakiwa ndege. Kuwaona hapa, wakizungukazunguka katika kioo chini ya taa ya buluu, kulinipa uchungu na furaha kwa pamoja. Ile kazi inawalisha watu wa kwetu, nami sina haki ya kuibeza nikiwa huku. Hata hivyo, mimi huchukua waliozalishwa kwenye matangi. Samaki wa aina ya hawa wangu wamekuwa wakizalishwa hivyo tangu miaka ya 1970, na hakuna mwamba uliopungukiwa kwa ajili yangu.

Katika historia ya matangi ya bahari kuna mwanamke ninayemfikiria sana, Anna Thynne wa London. Mwaka 1846 alichukua matumbawe kutoka Torquay, pwani ya Uingereza, akayashona kwenye sifongo kwa sindano na uzi ili yasigongane njiani, akayapeleka mjini. Hakukuwa na pampu. Ili maji yapate hewa, mtumishi wake wa kike aliyamimina kutoka chombo kimoja hadi kingine, huku na huku, mbele ya dirisha lililo wazi, nusu saa au zaidi kila siku. Miaka minane baadaye mtaalamu wa viumbe Philip Henry Gosse alitoa kitabu chake kuhusu matangi ya bahari, na Waingereza wakashikwa na mtindo huo. Wanaosimulia habari hizi humtaja bibi. Lakini mikono iliyochoka haikuwa ya bibi, na kwa hoja yangu mwenyewe, matumbawe yale yalikuwa ya yule mtumishi kuliko yalivyokuwa ya mtu mwingine yeyote nyumbani mle.

Siwezi kusema hivyo juu ya London nikakataa kusema hivyo juu ya chumba changu. Kila likizo ya Desemba nikienda kwa binamu yangu Texas, tangi hulindwa na mwenzangu wa chumba cha pili, kijana wa Bukavu aliyelelewa kando ya Ziwa Kivu na ambaye hajawahi kukanyaga ufuo wa bahari. Mara ya kwanza alinipigia usiku: "Ndugu, maji yako inapunguka, niongeze chumvi?" Nikamweleza. Siku hizi haniulizi. Ananiambia. Ndiye aliyegundua kwamba kaa amevua gamba, mimi nikidhani amekufa. Ndiye aliyeona tawi la tumbawe limejikata lenyewe, likaanguka na kushika jiwe la chini, naye akasogeza konokono wasilibomoe.

Mwaka huu namaliza. Juzi aliniuliza kama nitamuuzia tangi, na kwa bei gani. Nikamwambia hatuwezi kuuziana kitu ambacho tayari ni chake. Kilichobaki ni kumwachia kipimo cha chumvi na ndoo, na kumwonyesha jinsi ya kusafisha pampu.