Nguvu za Mwili Zisikudanganye

Katika mchezo wa kuteleza kwenye barafu kwa jozi, mwanamume ndiye mbebaji. Humrusha mwenzake hewani na kumdaka, humwinua juu ya kichwa kwa mkono mmoja, na muda wote huo yeye mwenyewe anakwenda kasi juu ya ukingo mwembamba wa chuma. Ukimtazama huwezi kudhani kwamba mtu kama huyo ana maradhi ya moyo. Sergei Grinkov wa Moscow alikuwa nayo.

Aliunganishwa na Ekaterina Gordeeva mwaka 1981 katika klabu ya jeshi, CSKA, kijana akiwa na miaka 14 na binti 10. Walitwaa ubingwa wa dunia mara nne na dhahabu ya Olimpiki mwaka 1988 huko Calgary. Wakaoana mwaka 1991, mwaka uliofuata wakapata mtoto, Daria, kisha wakarudi mashindanoni na kuchukua dhahabu ya pili Lillehammer, 1994. Watazamaji waliwapenda kwa utulivu wao: mambo mazito waliyafanya yaonekane mepesi.

Tarehe 20 Novemba 1995 walikuwa Lake Placid, jimbo la New York, wakifanya mazoezi ya maonyesho. Muziki unapigwa. Ilifika mahali Sergei alipotakiwa kumshika mkewe kiunoni, mikono yake isifike. Akaserereka hadi pembeni mwa uwanja, akakunja magoti, akalala taratibu juu ya barafu. Ekaterina alidhani ni mgongo, kwa kuwa mgongo ulikuwa ukimsumbua. Akamwuliza, naye akatikisa kichwa: siyo. Walimkandamiza kifua, wakamkimbiza hospitali, lakini hawakuweza kumrudisha. Alikuwa na miaka 28.

Uchunguzi ulionyesha kwamba mishipa inayolisha moyo wake ilikuwa imeziba vibaya. Kuziba kwa namna ile hakutokei kwa siku moja. Maradhi yalikuwa yakijijenga ndani ya mwili uliokuwa ukipigiwa makofi kila usiku, mwenyewe asijue. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na onyo lilikuwepo. Baba yake Sergei naye alikufa kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 52. Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins waliipima damu ya Sergei wakakuta aina ya jeni ya kurithi, PLA2, waliyoihusisha na damu kuganda kirahisi kwenye mishipa ya moyo.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame, maana jambo hili linaziua familia zetu pia. Baba akianguka ghafla na miaka 50 tunasema presha ilipanda, tunazika, tunafanya matanga. Shamba na nyumba alivyoacha tunavikalia vikao mpaka usiku wa manane. Urithi wa maradhi hatuuulizi. Mtoto wa kiume anakua, anacheza mpira, anabeba magunia, na kila anayemwona anamsifu afya. Ile si afya, ni nguvu, na nguvu hazionyeshi kilichomo ndani ya mshipa. Mazoezi yanausaidia moyo, tena sana, ila hayamfutii mtu alichorithi.

Madaktari wana kipimo chepesi cha kuanzia: baba au kaka aliyepata maradhi ya moyo kabla ya miaka 55, mama au dada kabla ya 65, ni dalili ya hatari kwa ndugu waliobaki. Mwenye habari hiyo asingoje maumivu ya kifua. Apimwe presha, sukari na lehemu kwenye damu, na amtajie daktari umri wa marehemu na namna alivyokufa hata kama hakuulizwa. Akiwa kijana, ni bora zaidi. Anayevuta sigara ana sababu moja zaidi ya kuacha.

Miezi mitatu baada ya msiba, Februari 1996, Ekaterina alipanda barafu peke yake huko Hartford katika onyesho la kumkumbuka mumewe. Daria alikuwa na miaka 3. Akiulizwa leo na daktari kuhusu moyo katika ukoo wa baba yake, anayo majibu mawili kamili: babu, miaka 52, baba, 28.