Mlango Usiopokea Bila Kutoa

 

Katika Surat adh-Dhariyat Allah anatukumbusha ishara zilizomo ndani ya nafsi zetu. Muhula huu nilizikuta kwenye seli.

Ukila maharage au sambaza wa Ziwa Kivu, protini huvunjwa kuwa asidi amino. Ziko 20, na 9 kati yake mwili hauwezi kuzitengeneza. Lazima zitoke kwenye chakula. Lakini kufika kwenye damu siyo kuingia kwenye seli. Utando wa seli ni wa mafuta, asidi amino hazipenyi hivi hivi. Zinahitaji milango, na milango yenyewe ni protini.

Mmoja, uliotambuliwa mwaka 1998, unaitwa LAT1. Sisi wa Gisenyi tunaijua Petite Barrière, watu wanavyopishana kwenda Goma na kurudi. LAT1 una masharti makali zaidi: lusini moja haiingii mpaka asidi amino nyingine, mara nyingi glutamini, itoke. Seli isiyo na cha kutoa haipati kitu mlangoni hapo. Tena LAT1 haufiki kwenye utando peke yake. Husindikizwa na protini nyingine, 4F2hc. (Subhanallah, hata mlango una swahiba!)

Na seli ikiwa na njaa? Huongeza milango mingine, SNAT2, inayovuta asidi amino kwa msukumo wa sodiamu. Shibe ikirudi, milango hiyo hupunguzwa. Seli hailimbikizi kwa hofu ya njaa iliyokwisha pita.

Hapo niliona haya. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba si muumini anayeshiba huku jirani yake ana njaa, nami hadithi hiyo naijua tangu madrasa. Ramadhani iliyopita nililetewa mfuko wa sambaza wakavu kutoka nyumbani, nikaufungia sandukuni. Mwenzangu wa chumbani alikuwa akifuturu kwa chai na mkate mtupu. Nilimwona. Nikajiambia mwezi bado mrefu. Baada ya Idi nilifungua mfuko, nikakuta wadudu wameshaula.

Ndugu yangu, Alhamisi hii tunafunga Sunna. Ulicho nacho, kilete kwenye futari kabla hakijaharibika.

Juzi nilimweleza mwenzangu na kumwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia kwamba harufu ya wale sambaza alikuwa akiisikia kila usiku.