Kupanda ni Siku Moja, Kutunza ni Miaka



Kila msimu wa mvua miche huletwa kambini. Watu hukusanyika, hotuba hutolewa, picha hupigwa, kisha kila mtu huenda zake. Kiangazi cha Desemba hadi Machi kikifika, mbuzi huingia, moto wa nyasi hupita, na mche usio na mtu hufa. Je, mkimbizi anayeomba kila usiku arudi kwao ana wajibu wa kutunza miti na vinamasi vya nchi ya ugeni?

Wapo wanaojibu hapana, na hoja zao si za kipuuzi. Husema ardhi si yetu. Husema kazi hiyo ni ya mashirika. Husema pia kwamba mama anayetafuta kuni za jioni hawezi kungoja mti wa miaka kumi.

Ni kweli, ardhi si yetu. Lobule katika Koboko, pamoja na Rhino Camp na Imvepi, ambazo kwa miaka mingi zilikuwa ndani ya Wilaya ya Arua, ni ardhi ya wenyeji, nao walikubali tukae. Wengi wao wanaujua ukimbizi. Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, maelfu ya watu wa West Nile walikimbilia Zaire na Sudan. Walikuwa wageni kwetu kabla sisi hatujawa wageni kwao. Ukiharibu kilicho chako, unajidhulumu mwenyewe. Ukiharibu cha kuazima, unamdhulumu aliyekuamini. Yeremia naye aliwaandikia waliohamishwa Babeli wapande bustani na kuutakia mji ule amani, ingawa kurudi kwao kulikuwa kumeahidiwa. Tumaini la kurudi halikuwaondolea wajibu.

Kuhusu mashirika, tukumbuke kwamba kila mradi una mwisho, lakini kinamasi hakijui tarehe hiyo. Mafunjo hushika maji ya mvua kama sifongo, huyachuja, na kuyaachia polepole wakati wa kiangazi. Mtu akichimba mifereji na kupanda mikaratusi inayokunywa maji mengi, kinamasi hukauka. Mifereji ikizibwa na kilimo kikiachwa, mafunjo yaweza kurudi, lakini bila mlinzi jembe nalo hurudi. Katiba ya Uganda ya 1995 husema kwamba serikali hushika vinamasi kwa amana ya wananchi wote. Amana haiishi siku ya sherehe.

Tena kuna suala la ukweli. Wangari Maathai, aliyeanzisha Green Belt Movement nchini Kenya mwaka 1977 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, aliwapa akina mama malipo madogo kwa kila mche uliosalia hai. Aliyezika mche na kuusahau hakulipwa. Nasi tufanye hesabu ya namna hiyo. Kila kijiji kichague watu wawili, mkimbizi na mwenyeji. Kila mwaka, mwezi uleule, wasimame mahali palepale, wahesabu miti iliyo hai, wapime maji ya kinamasi kwa kijiti chenye alama, na waandike daftarini. Ikiwa katika miche 100 imekufa 60, waandike 60. Kutaja iliyopandwa na kunyamazia iliyokufa ni ushuhuda wa uongo.

Hoja ya kuni ndiyo nzito kuliko zote. Mtoto mwenye njaa hutangulia mti. Hatuwezi kufundisha vinginevyo. Lakini kila mwaka kuni zinakuwa mbali zaidi, na akina mama wanaozifuata mbali hufukuzwa, hata kupigwa. Mti ukiisha, anayeumia kwanza ni yuleyule mama. Basi haitoshi kumwambia asikate. Tumfinyangie jiko la udongo linalotumia kuni chache, tupande miti ya kuni karibu na nyumba, tukate matawi na kuliacha shina. Wenye nguvu waanze na wajane na wazee, ili ulinzi wa ardhi usiwe mzigo wa maskini peke yao.

Mvua nyingine zinakuja. Kabla ya kupokea mche mpya, tuulizane: wa mwaka jana uko wapi?

Amani ya Bwana iwe nanyi.