Mwenye Kisu Kikali



Wahenga walisema kwamba mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Lakini hawakutuambia alikinoa lini, wala kwa kitu gani. Jambo hilo ndilo tunalotaka tulitazame pamoja, kwa maana katika nyumba zetu za Kagerankanda kisu ni chombo kinachotumika kila siku na kusahauliwa kila siku.

Mama humenyea muhogo, hukatia vitunguu, hupasulia migebuka. Kisu kikianza kugoma, yeye huongeza nguvu. Mhubiri aliliona jambo hili zamani. Katika sura ya 10, mstari wa 10, anatufundisha kwamba chuma kilichopoteza makali humdai mtu nguvu nyingi, hali hekima ingaliweza kumfaa zaidi. Na nguvu hizo zina hatari. Kisu butu hakiingii pale kilipoelekezwa. Huteleza juu ya ganda la muhogo kikaingia kidoleni.

Sasa tuulize kama tulivyozoea kuuliza darasani: kisu huwaje butu? Wengi hudhani makali yamekwisha. Mara nyingi sivyo. Makali ni ukingo mwembamba sana wa chuma, na kwa kugonga ubao na mifupa ukingo huo hupinda upande mmoja, ingawa jicho halioni. Makali yapo, ila yameelekea pembeni. Ndiyo maana muuza nyama huwa na kile chuma cha mviringo chenye mpini, naye hupitisha kisu juu yake mara kwa mara kabla ya kukata. Chuma kile hakiparui sana. Kazi yake kubwa ni kuunyosha ukingo uliopinda. Nacho hakina budi kuwa kigumu kuliko kisu chenyewe.

Nyumbani twaweza kufanya hivi. Simamisha chuma cha kunolea wima juu ya meza, ncha yake ikae kwenye kitambaa kilichokunjwa. Weka kisu mraba na chuma, yaani nyuzi 90. Punguza nusu, upate 45. Punguza nusu tena, kisha kidogo zaidi, upate kama 20. Anzia karibu na mpini, shusha kisu huku ukikivuta mpaka ncha, kwa mkono mwepesi. Fanya upande huu, kisha upande wa pili, mara tano au sita kila upande. Futa kwa kitambaa. Hayo hayamalizi hata dakika moja. Kisu kikikataa bado, hapo ndipo makali yamekwisha kweli, nacho kipelekwe kwenye kinoo chenye maji. Tupa tuiachie jembe na panga. Anayenoa kisu cha jikoni kwa tupa kila juma atabaki na mpini.

Ndugu zangu, Mithali 27:17 hutufundisha kwamba jinsi chuma kinavyopatia makali kwenye chuma kingine, ndivyo mtu anavyopatia kwa mwenzake. Tumelisikia neno hili kwenye arusi na mikutano, tukalifurahia. Lakini tutazame linavyotenda kazi. Vyuma viwili visipogusana, hakuna kinachonolewa. Na vikigusana kwa pembe mbaya, au kwa hasira, makali huharibika.

Hapa hatuna budi kukiri kosa letu. Miaka mingi iliyopita, tulipokuwa tukifundisha, tulikuwa na mwalimu mwenzetu mwenye kipawa, ambaye alianza kunywa kidogo kidogo. Sote tuliona. Tuliketi naye, tukacheka naye, tukasali naye Jumapili, wala hakuna aliyemwambia neno. Tuliuita ukimya ule upole. Siku alipokosa kuingia darasani mara ya tatu, wenye mamlaka walimwita, na wao walikuja na tupa. Alipoteza kazi. Alipokuja kutuaga alituuliza swali moja tu: kama tulikuwa tumeona. Tulikosa la kumjibu, na hata leo hatuna. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta ule hatukuujenga sisi, aliujenga mke wake na watoto.

Tunasoma katika 1 Samweli 13 kwamba Israeli hawakuwa na mhunzi, wakalazimika kushuka kwa Wafilisti kunoa majembe na mashoka yao. Nao walilipa. Bei yaitwa kwa Kiebrania pimu, na wachimbuaji wa mambo ya kale wamepata mawe ya mizani yenye neno hilo, uzito wake karibu gramu 8. Watu wasioweza kunoana wenyewe hunolewa na wengine, kwa bei ya wengine. Je, sivyo inavyokuwa kwetu? Shauri la mpaka wa shamba ambalo wazee wawili wa kanisa wangalilimaliza jioni moja huishia barazani na mahakamani, na mbuzi wakauzwa kulipia nauli.

Bwana wetu alituonyesha pembe iliyo sawa. Katika Mathayo 18:15 anatuagiza tumwendee ndugu aliyekosa tukiwa wawili tu, yeye na mimi. Asiambiwe kisimani, wala asisemwe katika maombi ya hadhara. Na Waebrania 3:13 hututaka tuonyane kila siku. Muuza nyama hangoji kisu kife. Neno dogo la leo, kwa mkono mwepesi, huokoa tupa ya kesho. Tena tukumbuke kunoa pande zote mbili: anayeonya awe tayari kuonywa, hata na mkewe, hata na mtoto aliyemfundisha kusoma.

Basi juma hili, kila mmoja wetu akitie makali kisu cha nyumbani mwake. Na anapokifuta, amfikirie ndugu mmoja ambaye amemnyamazia. Aende kwake kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana.

Ee Bwana, utunyoshe pale tulipopinda, wala usituache tukae kimya ndugu yetu anapopotea. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.