Ijue Nyumba Yako Kabla Haijafungwa

Wanangu mliooa na mnaotaka kuoa, neno hili nimelisema mara nyingi tangu mwaka 2020, na umri wangu hauniachii miaka mingi ya kulirudia. Nikipita barazani nawasikia mkikumbushana siku za korona: virungu vya askari, barakoa, bei ya ndimu na tangawizi. Hayo yalikuwa mambo ya nje. Mimi katika mtaa huu hapa Mombasa naletewa ugomvi wa watu niusuluhishe, na niliyoyasikia miezi ile yalitoka ndani ya vyumba. Yalikuja kwa simu, usiku, kutoka kwa wake zenu na mama zenu, wakinong'ona ili aliye chumba cha pili asisikie.

Tukumbushane ilivyokuwa, maana watu husahau upesi. Tarehe 13 Machi waziri wa afya alitangaza mgonjwa wa kwanza nchini. Jumapili ya tarehe 15 Rais akaamuru shule zifungwe. Kabla mwezi haujaisha misikiti na makanisa yalikuwa yamefungwa, na Ijumaa ya tarehe 27 kafyu ikaanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mnakumbuka kivuko cha Likoni jioni ile, watu waliokuwa wakikimbilia majumbani wakarushiwa mabomu ya machozi. Tarehe 8 Aprili, Mombasa, Kilifi na Kwale zikawekewa mipaka, hakuna kutoka wala kuingia. Mei 6 ukafungwa Mji wa Kale wenyewe, sawa na Eastleigh kule Nairobi, tukaambiwa siku 15, zikaongezwa mpaka Juni.

Tazameni kilichompata mwanamume katika wiki hizo chache. Hoteli za pwani zilifunga milango, vibarua vikakatika, msikiti umefungwa, baraza halina watu, muuza kahawa hapiti tena. Kila mahali alipokuwa na jina na heshima paliondolewa, akabakishiwa mahali pamoja tu, pale alipozoea kulala. Wengi wenu ndipo mlipogundua kwamba nyumba hiyo mnailipia kodi lakini hamuijui.

Nawaambia habari ya maji, kwa sababu kwayo nilielewa mengine yote. Tulihimizwa kunawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, na agizo lilikuwa la haki. Lakini nyumba ngapi hapa mfereji wake unatoa maji kila siku? Maji huja kwa mkokoteni, kwenye madumu ya lita ishirini, na hununuliwa kwa pesa taslimu. Nyumba ya watu saba wakinawa kila mara kama walivyoambiwa, dumu halifiki adhuhuri. Mwanamke analijua hilo bila kuliandika popote. Anajua dumu gani ni la kupikia, lipi la kumwogeshea mtoto, na yale yaliyooshewa mchele yatamwagiwa wapi yafae tena. Sasa kuna nyumba mume alitoka chumbani, akanawa mikono na uso, akatia udhu, kwa maji ya chakula cha mchana. Akaambiwa. Akaona amevunjiwa heshima mbele ya watoto. Akajibu neno, akajibiwa neno, na kabla ya Ramadhani mke alikuwa kwa mama yake na talaka moja. Wazee wa pande zote mbili walipoketi kutafuta chanzo, chanzo kilikuwa dumu lile.

Mtasema yule alikuwa mtu mkorofi. Sivyo. Alikuwa kijana mpole, mhudumu wa hoteli, na siku tatu kabla alikuwa ameambiwa akae nyumbani bila mshahara. Hakumwambia mkewe. Kila asubuhi alijifanya anasubiri kuitwa zamu. Wanangu, mwanamume wa kwetu akiogopa hasemi naogopa, husema chai haina sukari. Hofu ilikuwa juu ya kodi, juu ya ada, juu ya mzazi mwenye kisukari huko Kwale asiyeweza kufikiwa, nayo ikatoka kwa mlango wa chakula na maji. Mke hakujua anagombana na nini. Angejua, nina hakika angenyamaza, akamtengea maji yake.

Na nyumba nyingine, si mbali na hiyo, mume alipoteza kazi ya namna ile ile wiki ile ile. Yeye aliwaita mkewe na mwanawe mkubwa, akaweka mezani pesa zote zilizobaki, akasema hizi ndizo, na mwezi ujao sijui. Wakazihesabu pamoja. Mke ana cherehani. Barakoa zilipoamriwa kuvaliwa mwezi wa Aprili, yule baba akawa ndiye anayepima na kukata vitambaa vya khanga, mtoto anatia mpira, mama anashona. Hawakutajirika, na miezi mingine walikula mbaazi na muhogo mfululizo. Ila kwangu hawakuja kusuluhishwa, na hadi leo yule mtoto akizungumza na baba yake humtazama usoni.

Hapa baadhi yenu hunikatiza: Mzee, kazi za nyumba si zetu, tumekuta hivyo. Mmekuta wapi? Bi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini anapokuwa nyumbani, akaeleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa sala ukiingia hutoka kwenda kusali. Mmesoma hayo madrasa. Mnakumbuka haraka mafundisho ya tauni, kwamba mji uliofikwa na maradhi usiingiwe wala usikimbiwe, na kwamba Sayyidna Umar aligeuza safari yake njiani kuelekea Sham. Mlikuwa mkiyataja kila siku mwaka ule. Haya ya jikoni sikumsikia mtu akiyataja.

Sisemi kila kitu kilikuwa kibaya, kwani ningekuwa nadhulumu. Ramadhani iliingia mwisho wa Aprili, na kwa kuwa misikiti ilikuwa imefungwa na sala ya Isha iliangukia ndani ya saa za kafyu, tarawehe zikasaliwa sebuleni. Baba akawa imamu wa watu wa nyumba yake. Wapo waliotambua usiku huo wa kwanza kwamba binti yao amehifadhi juzuu ambazo wao hawazijui, wakanyamaza akiwasahihisha kutoka nyuma yao. Idd ikaja bila viwanja, bila kutembeleana, watoto wamevaa nguo mpya kwenda mpaka kwenye ngazi tu. Huzuni ilikuwepo, na hata hivyo nimesikia vijana wakubwa wakisema Ramadhani waliyomjua baba yao ni ile.

Habari za watoto ndizo ninazowauliza zaidi. Shule zilifungwa Machi. Darasa la nne, la nane na kidato cha nne walirudi Oktoba 12, na waliobaki wakangoja hadi Januari 2021. Hesabuni miezi hiyo. Masomo yaliwekwa redioni na kwenye televisheni, lakini nyumba ya simu moja na watoto watatu, simu ile ilikuwa mikononi mwa nani? Mara nyingi ilikuwa ya baba, anatazama idadi ya wagonjwa na video za kutisha za nchi za watu tangu asubuhi, akiyasimulia kwa sauti. Mtoto wa miaka sita alikuwa akilala akijua maiti ngapi zimezikwa Italia, na hajui kesho yake atafundishwa na nani kusoma. Habari za msiba zina kiasi chake. Mtu mzima azisikie mara moja, achukue la kufanya, azime.

Na wasichana. Hapa moyo wangu ni mzito na sitapamba maneno. Wapo walioingia miezi ile wakiwa wanafunzi na hawakurudi shuleni tena, kwa mimba, na aliyewaharibu hakutoka mbali. Jambo hili lilifika hadi Julai Rais akaagiza lichunguzwe, pamoja na dhuluma za majumbani. Nyumba iliyojaa watu si lazima iwe salama. Baba aliye nyumbani mchana kutwa na asijue binti yake yuko chumba gani, na ni mjomba gani anayekaa naye, huyo hayupo nyumbani. Mtoto akinyamaza ghafla, akikataa kutumwa mahali, ulizeni, na mumwamini anachosema hata kama anayetajwa ni mtu wa damu yenu.

Wale waliopiga wake zao, mniwie radhi, siwapi udhuru wa korona. Ugonjwa ule ulishika mapafu, haukuinua mkono wa mtu. Na wazee wenzangu waliowaambia wanawake wavumilie kwa kuwa njia zimefungwa, neno hilo silikubali hata leo. Kusuluhisha si kumrudisha mtu mahali anapoumizwa. Nambari 1195 ya dhuluma za kijinsia ilikuwa ikipokelewa, na 116 ya watoto pia, nazo bado zipo. Ziandikeni ukutani, karibu na mlango wa jikoni, mahali kila mtu hupita.

Sasa hakuna kafyu, nanyi mmerudi mlikokuwa. Nawaona. Mnatoka alfajiri, mnarudi watoto wamelala, na Jumapili mnaimalizia barazani. Kutafuta riziki sikukatazi, mwanangu. Ninachokuomba ni saa moja katika siku. Keti jikoni, uliza unga unadumu siku ngapi, mtungi wa gesi ulijazwa lini, mwanao wa pili anashindwa na hesabu gani. Mama akikwambia nenda zako utaniharibia kazi, usiende. Nanyi akina mama, mlio na wavulana, msiwafukuze wanaposhika ufagio, wala msiwacheke mbele ya dada zao. Mvulana wa miaka kumi anaweza kusimama kwenye foleni ya mkokoteni, akabeba dumu dogo, akajua bei imepanda.

Atakayekuja mwaka huu kuniomba nimpelekee posa, nitamuuliza kwanza kwao dumu la maji ni shilingi ngapi, na madumu mangapi yanatosha nyumba kwa siku. Asipojua, arudi akakae na mama yake wiki nzima, ajifunze. Akirudi na jibu, nitavaa kanzu twende.